Mlenga na Malenga

Lugha yetu ina maneno mawili yanayoishi kama majirani wa ukuta mmoja: mlenga na malenga. La kwanza ni la mtu anyoshaye mkono akatafuta alama. La pili ni la mtu atungaye na kuimba. Sisemi kwamba maneno haya yametoka tumbo moja, kwani hiyo ni kazi ya wanaisimu, nao wana mizani yao. Nasema tu kwamba yanasikika kama ndugu, na mtu aliyejifunza ushairi kwa sikio, kama mimi, hawezi kulipita jambo la namna hiyo bila kusimama. Na akisimama ataliona neno la tatu. Shabaha, kwa Kiswahili, ni kile kilengwacho. Na shabaha pia ni mfano, kufanana kwa kitu na kitu. Katika mzizi huohuo tumepata kushabihi, kushabihiana na tashbiha, ambayo hakuna mshairi awezaye kuishi bila yake.

Nimetanguliza maneno hayo kwa sababu nataka kuwazungumzia wasomaji wa kurasa hizi, waliozoea kuletewa habari za tenzi na mashairi, habari za bastola. Naomba wasiniondokee barazani. Bastola ninayoikusudia ni ile ya mashindano, ambayo kazi yake yote ni kutoboa karatasi. Na mtu ninayemkusudia ni mzee wa miaka 70 na ushei, jirani yangu wa Tandale, ambaye hakupenda jina lake litajwe, nami nimelihifadhi kama alivyotaka.

Tandale, kwa asiyeijua, ni mtaa wa Kinondoni, Dar es Salaam, uliobanana kati ya Manzese, Magomeni, Sinza na Mwananyamala. Una soko kubwa la nafaka, una Mto Ng'ombe ambao wakati wa masika hutaka kuingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na una vichochoro ambavyo hata vijana waliouchora mtaa huu katika ramani mwaka 2011 walilazimika kuvipita kwa miguu, kimoja baada ya kimoja. Mgeni akisikia jina la Tandale humkumbuka Diamond Platnumz, aliyekulia hapa. Hakuna anayekumbuka mlenga shabaha. Na mzee wangu huyu halalamiki, kwa kuwa mchezo wake ni wa watu wasiotazamwa.

Ni mzaliwa wa Mafia. Kabla hajashika bastola alishika mshipi. Alikaa ngalawani na babaye tangu mtoto, akajifunza kuusikia mnofu ukiguswa na samaki pima nyingi chini ya maji, kwa kidole kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaingia katika jeshi, na huko wakubwa wake wakagundua kwamba kijana huyu wa visiwani ana mkono uliotulia. Akapelekwa katika timu ya kulenga. Kwa wasiojua, shabaha ni mmoja wa michezo ya majeshi yetu, pamoja na riadha, soka na netiboli, na chombo kinachoisimamia michezo hiyo huitwa BAMMATA, yaani Baraza la Michezo la Majeshi ya Tanzania. Huko ndiko alikoshindana kwa miaka zaidi ya 20, kwa bastola ya kazi, mita 25 kutoka alama, jua likimpiga utosini.

Bastola yenyewe hakuondoka nayo. Ilikuwa mali ya jeshi. Siku ya kustaafu aliisafisha, akaitia mafuta, akaikabidhi ghalani, akatia saini. Kumiliki silaha kwa raia ni jambo la leseni na masharti, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi imeyakaza masharti hayo. Yeye hakuomba leseni. Alichobaki nacho ni sanduku la bati, lile la mwanafunzi wa bweni, na ndani yake mna vitu ambavyo nimeviona kimoja kimoja na ningependa kuvieleza, maana zana za mtu ni wasifu wake.

Mna vifuniko vya masikio ambavyo sifongo yake imekauka na kumomonyoka. Mna fremu ya miwani isiyo na kioo upande wa kulia, na upande wa kushoto imebandikwa kipande cha karatasi nyeupe. Mlenga asiyetaka kufumba jicho huliziba kwa namna hiyo, kwa sababu jicho likifumbwa kwa nguvu hulichosha lile lililo wazi. Mna bahasha ya karatasi za shabaha, manjano kwa uzee, matundu yamekusanyika katikati kama nyuki mlangoni mwa mzinga. Mna daftari la alama, kila shindano kwa tarehe yake, tangu 1974. Katika daftari hilo hamna hata mstari mmoja wa 1978 na 1979, miaka ya Vita vya Kagera, ambavyo alikwenda. Nilimwuliza mara moja tu. Akanijibu, "Ile haikuwa michezo, mdogo wangu," akafunga daftari, nami sikurudia.

Mna pia kitu kisichofanana na kitu. Ni kitako cha mpingo, kimechongwa kufuata viganja na vidole vyake, na juu yake kimepigiliwa upau mwembamba wa chuma wenye ncha mbele na pengo nyuma. Mtutu hakina. Zamani kilikuwa nao, wa mbao. Lakini mkewe aliukata kwa msumeno baada ya kijana mmoja wa jirani kumwona mzee kibarazani alfajiri amenyosha mkono na kupiga kelele za mwizi. Ili kipate uzito wa bastola, mzee alikitoboa tumboni akakijaza chubwi za mshipi. Nimefurahi kwa jambo hili kuliko nilivyomwambia. Risasi asili yake ni Kiarabu, nalo ni jina la madini yenyewe. Na chubwi za wavuvi ni risasi hiyohiyo. Kwa hiyo madini yaliyokuwa yakizamisha chambo cha babaye huko Mafia ndiyo yanayoutuliza mkono wake Tandale.

Na mna uzi. Ni uzi wa katani, urefu wake sentimita 80 na kidogo, wenye fundo kila upande. Uzi huu nitaurudia.

Nilifahamiana naye kwa sababu ya kijitabu. Alikuja kwangu jioni moja akiwa amekifunga katika leso. Kilikuwa cha Kiingereza, kimepoteza jalada, kinafundisha ulengaji wa bastola za aina zote, za risasi na za hewa. Alipewa na mkufunzi wa kigeni miaka mingi iliyopita, na tangu hapo alikuwa akikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa mwezi. Akaniambia, "Malenga, nasikia wewe wageuza vitabu. Nataka hiki nikisikie kwa Kiswahili kabla jicho halijazibika." Alikuwa ameambiwa kwamba ana mtoto wa jicho, jicho la kulia, lile la kulengea. Nikakubali. Ujira wangu ulikuwa kahawa na kashata, kila jioni, kwa muda wa miezi miwili.

Nimefasiri mikataba, nimefasiri vitabu vya afya, nimefasiri mashairi ya watu waliokufa zamani. Sikutazamia kwamba kijitabu cha bastola kingenitoa jasho. Mfano mmoja utatosha. Kiingereza kina neno kwa kile kitendo cha kubaki vilevile baada ya risasi kutoka: mkono haujashushwa, jicho halijaondoka, kidole bado kimekaa. Mafunzo yote husisitiza jambo hilo, kwa kuwa mtu anayejua kwamba atashusha mkono baada ya mlio huanza kuushusha kabla ya mlio. Nilihangaika nalo siku tatu. Niliandika "kufuatiliza", nikafuta. Niliandika "kusubiri", nikafuta, maana hakuna kinachosubiriwa, tendo limekwisha. Mzee akaniuliza, "Ukishatupa mshipi majini, unauacha?" Nikamwambia siuachi. "Unafanyaje?" Nikasema nausikiliza. "Basi," akasema. Nikaandika "kuisikiliza risasi", na mpaka leo sijapata tafsiri bora kuliko hiyo katika kazi zangu zote. Nayo si yangu.

Lakini mafunzo makubwa ya kijitabu kile yamo katika sura ya macho. Mlenga wa bastola ana vitu vitatu mbele yake: pengo lililo nyuma ya bastola, ncha iliyo mbele yake, na alama iliyo mbali. Jicho la mwanadamu haliwezi kuviona vyote vitatu kwa uwazi kwa wakati mmoja. Lazima kimoja kipewe jicho na viwili viachiwe ukungu. Mtu asiyefundishwa hulipa jicho alama, kwani ndiyo anayoitaka. Kijitabu chaamuru kinyume: jicho liipe ncha. Alama iachwe iwe doa jeusi lisilo na ukingo.

Sababu yake ni hesabu. Katika bastola ya hewa, ambayo ndiyo mashuhuri katika Olimpiki siku hizi, mlenga husimama mita 10 kutoka alama, bastola katika mkono mmoja usioegemezwa popote, na kumi yenyewe, lile duara la katikati, lina upana wa milimita 11.5 tu. Ikiwa kati ya ncha na pengo pana sentimita 33, basi ncha ikipotoka milimita moja ndani ya pengo, risasi itakwenda kando sentimita 3 huko mwisho, yaani nje kabisa ya kumi. Kosa dogo la karibu huzaa kosa kubwa la mbali. Na kwa raundi moja mlenga hufyatua risasi 60 katika dakika 75, kila moja ikidai uangalifu huohuo.

Nilipofika hapo niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimesoma kwa miaka 30 juu ya ushairi na ujumbe wake, na mimi mwenyewe nimekaa katika majopo ya waamuzi ambamo shairi lilisifiwa kwa kuwa "lina ujumbe". Hapa palikuwa na kitabu cha askari kikisema kwamba atazamaye ujumbe hukosa ujumbe. Mshairi ana ncha yake pia: ni neno lililo mbele yake, mizani minane huku na minane huku, kina cha kati kiitikie, kina cha mwisho kifunge. Hiyo ndiyo inayostahili jicho. Haki, mapenzi, nchi, kifo, hayo yako mita nyingi mbele. Tunajua yaliko, nayo hayahami. Tukiyakodolea macho, silabi moja hupotoka mkononi na shairi zima likaenda kando.

Kijitabu kina jambo la pili, nalo ni la mkono. Mkono haunyamazi. Hata bingwa wa dunia, ncha yake huyonga mbele ya alama, juu, chini, kando. Anayeungoja mkono usimame ndipo afyatue atangoja mpaka mkono uchoke na kutetemeka zaidi. Na anayeiwinda nukta ambayo ncha inaipita kumi, akavuta kwa ghafla, huiharibu risasi kwa mvuto wake mwenyewe. Kinachotakiwa ni kuukubali mwyongo, na kukibana kifyatulio polepole, kwa nguvu inayozidi kidogo kidogo, mpaka mlio ukushangaze. Kifyatulio cha bastola ya hewa hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko uzito wa gramu 500, sawa na nusu kilo ya sukari iliyoning'inizwa kidoleni. Mzee alinifundisha kwa kile kitako chake cha mpingo. Nilisimama kibarazani kwake nikiilenga nukta ya mkaa ukutani. Nilidhani ncha yangu ingetulia. Ilicheza kama kishada.

Huu ni mchezo ambao uzee huuvumilia kuliko michezo mingi. Oscar Swahn wa Uswidi alipata medali ya fedha katika ulengaji kwenye Olimpiki ya Antwerp ya mwaka 1920, akiwa na miaka 72, na hadi leo hakuna mwanaolimpiki aliyepata medali ya michezo akiwa mzee kuliko yeye. Huyo alikuwa wa bunduki. Katika bastola yuko Károly Takács wa Hungaria, askari ambaye mwaka 1938 guruneti liliuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Akajifunza kwa siri kulenga kwa mkono wa kushoto, akashinda medali ya dhahabu London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952. Na yuko mwanamke, Nino Salukvadze wa Georgia, aliyeshinda dhahabu Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 19, na mwaka 2024 huko Paris akashiriki Olimpiki yake ya kumi mfululizo, akiwa na miaka 55. Katikati ya safari hiyo, Rio mwaka 2016, alishindana katika michezo mimoja na mwanawe wa kumzaa.

Mwaka huohuo wa 2024 mzee wangu alipata siku zake za umaarufu mtaani. Tarehe 30 Julai Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51 aliyekuwa askari wa jandarma, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika bastola ya hewa ya timu mseto. Picha yake ilizunguka dunia nzima kwa simu, ikafika Tandale kabla ya adhuhuri ya siku ya pili: miwani ya kawaida, fulana, mkono wa kushoto mfukoni, kama mtu aliyetoka dukani kununua mkate akaambiwa ajaribu. Vijana wa bodaboda walicheka, wakamwonesha mzee. Mzee hakucheka. Aliwaeleza kwamba mkono mfukoni si maringo: mkono usiofanya kazi ukiachwa uning'inie huyumbisha bega, kwa hiyo hutiwa mfukoni au hushikizwa mkandani. Na wale wengine wenye vioo na vipande usoni si kwamba wana makuu. Kila kipande kinatibu tatizo la jicho, na kila jicho lina tatizo lake. Kisha akaingia ndani akaleta fremu yake yenye karatasi. Kwa wiki nzima vijana wale walimwita Mturuki.

Lakini nimesema uzee huuvumilia mchezo huu, sikusema huusamehe. Uzee humjia mlenga kwa njia ya pekee. Miguu yaweza kusimama, mkono waweza kutulia kuliko wa kijana, moyo umeshapoa. Jicho ndilo linalosaliti, nalo halisalitii mbali. Katika miaka ya 40 na kitu kioo kilichomo ndani ya jicho huanza kukakamaa, kikashindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Ndiyo maana tunausogeza msahafu na gazeti, tukitamani mikono iwe mirefu. Mlenga hawezi kuusogeza mkono wake zaidi ya ulipofika. Alama anaiona kwa uwazi kama zamani. Ncha ndiyo inayofifia, yaani kile hasa alichofundishwa kukipa jicho.

Mzee aliligundua jambo hilo akiwa na miaka 47. Daftari lake linaonesha: alama zinashuka, mwezi baada ya mwezi, na pembeni ameandika kwa penseli kwamba bastola imechakaa. Bastola haikuwa imechakaa. Rafiki mmoja akamshauri aende kwa fundi miwani Kariakoo, naye akaenda na uzi. Alikuwa amesimama kambini mkono umenyoshwa, mwenzake akapima kwa katani kutoka kwenye jicho mpaka kwenye ncha, akafunga fundo. Akauweka uzi ule juu ya meza ya fundi akamwambia: sitaki kuona mbali, sitaki kusoma, nataka kuona hapa. Fundi alistaajabu, lakini alimtengenezea. Kwa miwani hiyo alishindana miaka minane zaidi.

Sasa tuje kwenye mtoto wa jicho. Siku moja, tafsiri ikiwa imefika katikati, mzee alikuja na karatasi ya hospitali, nayo ya Kiingereza, akataka nimsomee. Ilieleza kwamba kile kioo cha jicho, ambacho kimeingia ukungu, kitatolewa, na mahali pake patatiwa kioo cha kutengenezwa, kiitwacho lenzi. Na hapa ndipo penye jambo. Lenzi ya kawaida inayotiwa hospitalini haijikunji. Ina umbali wake mmoja, unaochaguliwa kabla ya upasuaji, na mahali pengine pote mtu huhitaji miwani. Aghalabu huchaguliwa mbali, ili mtu atembee bila miwani na aivae anaposoma. Daktari, kwa uungwana wake, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa aulizwe anapenda lipi.

Swali hilo likaigawa nyumba. Mwanawe wa kiume alisema mbali, na hoja yake ilikuwa na nguvu: Tandale pikipiki hazipigi honi mpaka zimeshakupita, na mzee hutoka alfajiri. Binti yake alisema karibu, ili baba asome Kurani bila kuhangaika. Mzee alinyamaza. Jioni ile aliniambia peke yangu, kahawa ikipoa: "Mimi nataka ncha."

Nilimtazama. Mtu asiye na bastola, asiye na leseni wala haja ya leseni, aliyeshindana mara ya mwisho zaidi ya miaka 20 iliyopita, ataka jicho lake, kwa umri uliobaki, litengenezwe kwa umbali wa silaha aliyoikabidhi ghalani. Nilimwuliza kwa adabu: "Mzee wangu, ncha ya kitu gani?" Hakunijibu hapo hapo. Akautoa uzi, akaliweka fundo moja kando ya jicho lake, fundo la pili akaninyoshea mimi. Lilifika kwenye kifua changu, mahali ambapo mkono wangu ungekuwa kama ningekuwa namwamkia. Akasema, "Hapa ndipo watu waliponijia maisha yangu yote. Kuna kitu gani cha maana nilichokipata mbali zaidi ya hapa?"

Nikafikiri juu ya umbali ule usiku mzima. Ni umbali wa mikono inayosalimiana. Ni umbali wa sinia, watu wakiwa wameizunguka. Ni umbali wa mke na mume mkekani, wa mwana aliyeketi mbele ya babaye akielezwa neno, wa kete juu ya bao. Ngalawani ni umbali wa mvuvi na mkono wake ushikao mshipi. Askari huyu aliyefundishwa kupeleka risasi mita 25 alikuwa, kwa miaka yote ile, akilizoesha jicho lake kukaa hapa karibu, na alama akaiachia ukungu.

Daktari alikubali. Alipima kwa vyombo vyake, lakini kwanza aliupima ule uzi kwa rula. Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko kungojea foleni. Siku ya pili kitambaa kilipoondolewa, mzee alirudi nyumbani, akamwomba mkewe aketi mbele yake, akamnyoshea mkono, akamtazama kwa muda mrefu. "Umezeeka," akamwambia. Mkewe akamjibu, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa ukimwona nani?" Sote tuliokuwapo tulicheka, naye akacheka mpaka akaambiwa aache, asije akaliumiza jicho. Mbali ana miwani, nayo huivaa akitoka, kwa ahadi aliyompa mwanawe.

Nina sababu ya kuyaandika haya sasa. Mwaka jana nami niliambiwa kwamba jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu. Bado, lakini siku yaja, na swali lile litaletwa kwangu: mbali au karibu? Mimi kazi yangu ni karatasi. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Nilichonacho nimekiokota kwenye kurasa, sentimita 30 kutoka usoni, usiku, kwa taa ya chemli na baadaye kwa balbu. Nilidhani jibu langu ninalo. Sasa nimekwishauomba ule uzi, na mzee amenikatia kipande kilichopimwa kwa mkono wangu mwenyewe. Huwa naunyosha mezani nikaona unapita kamusi, unapita wino, unafika kwenye kiti cha upande wa pili, ambako hukaa mtu aliyekuja kunisemesha. Bado sijaamua.

Tafsiri imekwisha. Ni kurasa 94 za mkono, naye anazisoma bila kamusi. Aliponiomba niandike na ushairi wa kuufungia, nilimwandikia beti hizi tatu, nazo ndizo ninazowaachia wasomaji:

Mkono nimeunyosha, ncha i mbele ya mboni,
Mbali kumenitatisha, kuna ukungu machoni,
Karibu kwanionesha, hata nywele ya shavuni,
Umri haujaisha, umefika mkononi.

Wenzangu wasema mbali, nitazame mizunguko,
Nijikinge na ajali, kila nipitapo huko,
Nami natoa kauli, nione usoni pako,
Salamu haina mbali, kipimo mkono wako.

Malenga nawe mlenga, msiache kutazama,
Neno mbele ukitenga, maana itasimama,
Mkono japo wayonga, huyonga kila mzima,
Tulia bila kupinga, neno litatoka jema.